Sauti Isiyoitikiwa

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare na kuosha vyombo, Shadia aliwapeleka wadogo zake kwenye bustani ya zamani katikati ya mji wa Kasulu, ili mama yao auze vitenge sokoni bila usumbufu. Asmahani alikuwa na miaka saba, Saady mitano. Bustani hiyo ilipandwa enzi za Wajerumani. Mikaratusi yake ilikuwa mirefu mno. Watu husema kunguru akianguka kutoka kileleni, hufika chini amezeeka.

Siku hiyo wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya vilima, na chini ya miti palikuwa na giza mchana kweupe. Nje ya geti wasichana walikuwa wanacheza rede.

"Shadia, unakuja, au siku hizi umekuwa yaya?" mmoja alimtania.

Shadia aliwakalisha wadogo zake kwenye benchi la mawe. "Msitoke hapa," alinong'ona. "Mzungu aliyepanda miti hii alizikwa wima, na kofia yake kichwani. Akiona mtoto anazurura, humwita jina kwa sauti ya mtu anayempenda. Ukiitika tu, ulimi wako unabaki kwake."

"Hata sauti yako anaiweza?" Saady aliuliza.

"Hasa yangu."

Akakimbilia mpira. Mchezo ulimnogea mpaka ngurumo ilipomshtua. Aliporudi, benchini alikuwepo Asmahani peke yake, uso magotini.

"Saady yuko wapi?"

Asmahani aliinua macho, akamtazama vizuri kabla ya kujibu. "Tawi lilianguka. Akakimbia."

"Saady! Saady we!"

Upepo tu ulikuwa unavuma juu ya miti. Bi Kezia, mfagiaji wa bustani, alitupa ufagio wake.

"Huko vilimani imeshanyesha," alisema. "Maji yanashukia hapa, kwenye makalavati chini ya njia, na humo ndimo watoto hujificha. Ita kwa nguvu, mwana wanje, mwanangu!"

Wakakimbia. Kwenye mdomo wa kila kalavati, Bi Kezia aliinama, akaita, akasikiliza. Ndani palikuwa giza tupu na hapakuwa na jibu. Wakapita. Maji ya rangi ya udongo yalianza kutambaa mtaroni.

Asmahani alimvuta Shadia nguo. "Dada, hataitika. Si umesema yule Mzungu anaiga sauti yako?"

Shadia angeweza kuuficha uongo wake na kuendelea kuita, nani angejua?

"Bi Kezia," alisema akilia, "nimewadanganya. Nimewaambia kuna mfu anayeita watoto, wasiitike."

"Yewe! Kumbe sisi ndio tunaomtisha! Acha kuita. Turudi tumtafute kwa macho."

Kwenye kalavati la pili Shadia alilala kifudifudi, akaingiza kichwa. Ndani kabisa yaling'aa macho mawili. Saady alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, maji yamefika magotini.

"Njoo, ni mimi!"

Saady akatikisa kichwa, akarudi nyuma.

Shadia alivua mtandio wake kichwani. "Tazama nywele zangu. Sina kofia. Nilitunga uongo, Saady, ili nikacheze. Nilikosa."

Saady akatazama, akasita, kisha akanyoosha mkono. Bi Kezia alimvuta nje, na papo hapo maji yalikuja kwa kishindo, yakalijaza kalavati mpaka juu.

Jioni mama alisimuliwa yote. "Saady, njoo ule," aliita. Saady hakuitika. Alimtazama Shadia kwanza.

"Unaona?" mama alisema kwa upole uliomuuma Shadia kuliko fimbo. "Bi Kezia amemtoa kwenye maji. Hofu uliyomtia hawezi kuitoa yeye. Mtoto mdogo anakuamini, na kukuamini huko ndiko kunakomlinda. Ukimdanganya, unamwacha bila ulinzi. Mwambie kweli kila siku, mpaka akuamini tena."

Shadia alifanya hivyo. Siku nyingi zilipita. Kisha asubuhi moja, akiwa mlangoni, aliita, "Saady!"

Kimya.

Halafu, kutoka nyuma ya nyumba, sauti ndogo: "Naam, dada!"