Asumini Juu ya Mto

Soko la maua la Madurai asubuhi halina adabu. Magunia ya asumini yanapita juu ya vichwa vya watu, na ukisimama kushangaa unakanyagwa. Iniyan alimkanyaga Kayal hapo hapo mlangoni, akamkatia kandambili.

Kayal alikuwa na sari ya rangi ya ndimu yenye pindo jekundu, na msuko mmoja mnene uliomfika kiunoni. Akamgeukia.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nilikuwa naangalia nywele, dada. Ndiyo kazi yangu."

Kwa hilo hakudanganya. Baba yake, mzee Arumugam, alikuwa tabibu wa Kiayurveda, tiba ya mitishamba ya Kihindi, na duka lao liliuza mafuta ya nywele yanayopikwa nyuma ya nyumba kwa ufuta na majani. Iniyan alikaa mbele, anauza. Alimnunulia Kayal kandambili mpya, akaomba namba ya simu, akanyimwa. Akaipata wiki ya pili, kwenye duka la sari alikofanya kazi Kayal, baada ya kununua sari tatu za mama yake ambaye hakuhitaji hata moja.

Basi wakapendana. Kila mchana simu ililia, naye Kayal akijifanya anazungumza na mteja: ndiyo mama, rangi hiyo ipo, hapana mama, leo sitoki. Na kila Ijumaa jioni, kwenye lango la hekalu, Iniyan alifika na asumini zilizotungwa kwenye uzi na kupimwa kwa mkono, Kayal akainamisha shingo, naye akampachika mwenyewe kwenye msuko. Huko kwao mwanamke hamwinamishii mwanamume yeyote kichwa namna hiyo. Akikuinamishia, mengine yamebaki kwa wazazi tu.

Kisha nywele zikaanza kutoka. Kwanza kwenye chanuo, kisha kwenye mto, kisha nyuma ya sikio pakawa peupe kama kitufe cha shati. Viungo vilimuuma na alichoka kabla ya saa sita, akasema ni kusimama dukani kutwa. Daktari wa ngozi alimwangalia, akamtaka apime damu. Kayal akaogopa sindano, akaogopa zaidi jibu. Akampigia Iniyan.

"Niambie ukweli, mpenzi. Mafuta yenu yanasaidia, au nikapime hiyo damu?"

"Kila Ijumaa si unaniona? Umeona hata mvi moja?"

Sasa sikilizeni. Kijana huyu mvi zilimvaa kichwa kizima akiwa na miaka ishirini na mbili. Kila Jumapili alijifungia bafuni akajipaka piko aliyoinunua mtaa wa mbali, maana nani atanunua mafuta ya nywele kwa kijana mwenye kichwa cha babu? Na baba yake alishamwonya mara nyingi: mtu ambaye nywele zinamtoka usimuuzie kitu kabla sijamshika mshipa wa mkono. Lakini kumpeleka Kayal kwa mzee kungezua swali la msichana wa nani, na Iniyan hakuwa tayari. Akampa chupa. Kayal akamwamini kuliko daktari.

Miezi ikapita anajipaka. Nywele zilizobaki hazikuweza kushika kibanio, akaanza kujifunga msuko wa bandia. Ijumaa moja Iniyan aliponyoosha mkono na asumini zake, Kayal aliruka nyuma.

"Usinishike kichwa."

"Nani amekupachika maua mengine?"

Kayal angesema nini pale mbele ya watu, kwamba ukivuta utabaki na msuko mkononi? Iniyan akayatupa maua chini, akaondoka. Simu yake ililia usiku ule, kesho yake, na wiki iliyofuata. Aliilaza kifudifudi kwenye meza ya duka, akaendelea kuuza. Mpumbavu yule. Hatimaye ikaacha kulia.

Siku aliyomwona tena, Kayal aliingia dukani akishikwa na mama yake, ushungi kichwani, uso umevimba, wekundu umemkalia puani na mashavuni. Mama hakujua lile ni duka la nani. Alichotaka ni kumwona mzee.

Arumugam alimshika mshipa kwa muda mrefu. Akabonyeza muundi wake kwa kidole, na shimo likabaki. Akauliza alikuwa anatumia nini.

"Mafuta ya hapa, baba."

"Alikuuzia nani?"

Kayal akatazama sakafu. Kwenye meza ya kuuzia, Iniyan akajifanya anapanga chupa.

"Haya si ya nywele, mama," mzee akamwambia mzazi. "Mpeleke hospitali kubwa. Leo hii, usisubiri kesho."

Hospitali walisema kinga ya mwili wake inaushambulia mwili wenyewe, na figo zimeshaharibika. Angekuja nywele zilipoanza kutoka, vidonge huenda vingetosha. Sasa ni mashine ya kusafisha damu, wiki hadi wiki.

Iniyan alikwenda kwa kinyozi, akaamuru piko yote ikatwe. Akaingia wodini na kichwa kifupi, cheupe kote, asumini mkononi. Kayal alimtazama mpaka akaelewa.

"Tangu lini?"

"Kabla hatujajuana."

"Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza..."

"Nilikudanganya."

Kayal alivuta ushungi, kichwa chake kikabaki wazi, mabaka matupu. Alitaka amwone.

"Nilidhani umekimbia hiki."

"Nilidhani una mwingine. Kayal, nataka nikuoe. Nitamwambia baba kila kitu, leo."

"Unanioa kwa mapenzi, au kwa ulichonifanyia?"

Iniyan alifikiri. Kwa mara ya kwanza hakutafuta jibu la kuuza.

"Kwa yote mawili. Siwezi kuyatenganisha."

Kayal alilia kidogo, akafuta uso kwa mkono usio na sindano. Akamwambia anampenda bado, na hilo ndilo linalomuuma. Lakini kila asubuhi ataamka aone mvi zile, akumbuke ile simu, na nguvu alizobakiwa nazo ni za kuishi tu.

"Maua acha," akasema. "Wewe nenda."

Iniyan akayaweka juu ya mto, pale ambapo msuko ungelala, akatoka.