Manjano Hayaingii Machoni

Siku ya nne baada ya kujifungua, Mardhiya alikuwa amelala ndani, nyumbani kwa mama yake, Msuka. Alijifungua hospitali, akarudi siku ya pili na mtoto wa kike mzima. Muuguzi alimwambia arudi kliniki siku ya tatu. Hakwenda. Mzazi hatoki nje mpaka atimize siku arobaini.

Mama yake, Bi Mwatima, alimtunza kwa mapenzi. Asubuhi alimkanda kwa maji ya moto, kisha akampa uji wa pilipili manga. Baadaye alimsinga mwili mzima kwa manjano na mafuta ya nazi. Shuka, mto na nguo za mtoto zote zilishika rangi. Dirisha alilifunika kwa khanga mbili ili upepo usiingie. Chumba kilikuwa na giza mchana kutwa.

Katika chumba hiki hiki, miaka mitatu nyuma, Mardhiya alimlea mtoto wake wa kwanza, Suhail. Alimlea siku sita tu. Suhail alikuwa mpole. Alilala sana, hakulia. Siku ya sita hakuamka. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu, na Mardhiya alikubali. Lakini tangu hapo alicheka kwa nadra.

Siku hiyo alicheka. Walikuja rafiki zake wawili wa skuli, Mwatum na Ruweida. Mwatum anauza vitambaa Madungu. Ruweida ni mkunga Mkoani. Mara ya mwisho walipokuja nyumba hii, walikuja msibani. Sasa walileta sabuni, poda na halua.

Walimwamkia Bi Mwatima, wakakaa kitandani kwa rafiki yao.

"Shoga, unang'ara," alisema Mwatum. "Umesingwa hivyo, unaolewa tena?"

"Hamdan akinitaka tena, alete posa upya," alijibu Mardhiya. Hamdan ni mume wake.

Walikumbushana siku Mwatum aliposinzia darasani. Mwalimu alimwita jina, naye akajibu, "Nakuja, mama, natia nazi." Mardhiya alicheka mpaka akashika tumbo. Bi Mwatima alimsikia kutoka jikoni, akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Kisha Ruweida aliomba kumpakata mtoto.

"Mchukue, mpole huyo," alisema Bi Mwatima, akiingia na chai. "Tangu jana yuwalala tu. Hata ziwa hataki. Kama kaka yake."

Kicheko cha Mardhiya kilikatika.

Ruweida alimnyanyua mtoto. Mikono yake midogo ilining'inia, imelegea. Alimwomba Bi Mwatima ruhusa ya kufungua dirisha. Bi Mwatima alisita, akasema upepo utamdhuru mzazi. Ruweida alimsihi kwa adabu, dakika moja tu. Khanga zikaondolewa, na mwanga ukaingia.

Mtoto alikuwa wa manjano toka usoni mpaka nyayoni.

"Ni manjano ya mama yake hayo," alisema Bi Mwatima, akionyesha viganja vyake. "Hata mimi yamenishika."

Ruweida alichovya kitambaa katika maji, akampangusa mtoto uso. Kitambaa kilitoka na rangi kidogo. Kisha alimbonyeza ncha ya pua kwa kidole, akaachia. Pale alipobonyeza, ngozi bado ilikuwa ya manjano. Akamfunua jicho taratibu. Sehemu nyeupe ya jicho haikuwa nyeupe.

"Bi," alisema kwa sauti ya chini, "manjano hayaingii machoni."

Akawaeleza. Watoto wengi wachanga hupata umanjano kidogo, nao huondoka wenyewe mtoto akinyonya vizuri. Lakini huu ulifika nyayoni, na mtoto analala na kukataa ziwa. Hiyo ni hatari. Umanjano ukizidi kwenye damu, huharibu ubongo wa mtoto. Huweza pia kumuua.

"Basi tumtoe jua la asubuhi," alisema Bi Mwatima.

"Jua halitoshi, Bi. Hospitali kuna taa maalumu. Twende sasa hivi."

"Na arobaini? Mzazi atatokaje?"

Mardhiya alikuwa ameshasimama, anajifunga khanga.

"Mama," alisema, "kwa Suhail nilikaa ndani."

Bi Mwatima alichukua khanga safi, akamfunika mtoto. Mwatum alitoka mbio kwenda kuomba gari kwa jirani.

Hospitali walimpima mtoto damu. Wakamlaza uchi chini ya taa za buluu, macho yamefunikwa. Kila baada ya saa mbili Mardhiya alimpa maziwa, kwanza kwa kikombe kidogo, baadaye kwa ziwa. Siku ya saba ya mtoto iliwakuta hapo. Hamdan alimpa jina Rahma.

Siku hiyo mtoto alinyonya kwa nguvu. Mardhiya alimtazama, kisha akamuuliza Ruweida, aliyekuja kuwatazama, jambo alilolificha siku tatu.

"Na Suhail? Alikuwa hivi?"

Ruweida hakutaka kumdanganya. "Sikumuona, shoga. Sijui. Huenda."

Mardhiya alilia kimya, machozi yakidondoka juu ya kichwa cha Rahma. Bi Mwatima alikuwa kwenye benchi mlangoni. Alisikia. Alitazama mikono yake mapajani. Kucha zilikuwa bado za manjano.

Waliporudi Msuka, Bi Mwatima mwenyewe aliondoa khanga dirishani. Manjano aliyaweka juu ya kabati.

Sasa kila mwanamke akijifungua pale kijijini, Bi Mwatima huenda kumtazama. Huwaambia wenyeji wafungue dirisha. Wamwangalie mtoto kwa mwanga wa mchana, kila siku, wiki ya kwanza. Wambonyeze pua, wamtazame macho na nyayo. Manjano ya mzazi yasubiri. Kliniki ya siku ya tatu mzazi aende, arobaini haimzuii. Na mtoto anayelala tu na kukataa ziwa, wasimsifu. Wamkimbize hospitali.

Rahma ana miezi mitano. Analia sana. Akitaka ziwa, mtaa mzima unajua. Juzi jirani mmoja alitania kwamba mtoto huyu hana upole hata kidogo.

Bi Mwatima alimpakata mjukuu wake, akamgeuzia dirishani.

"Mwache alie," alisema. "Mpole tulikuwa naye."