Hiyo Miguu Ina Mwenyewe

"Futa hiyo meseji, Trufe. Tafadhali. Futa sasa hivi."

"Sifuti."

"Trufe!"

"Nimesema sifuti, Odhi. Nilichosikia nimesikia."

Truphena alikuwa amesimama mbele ya meza ya kupigia pasi, simu ameibana kati ya sikio na bega, sare ya shule ya Layan, mtoto wa mwajiri wake, ikitoa mvuke mbele yake. Ilikuwa mchana, Ruwais, Jeddah, katika nyumba aliyofanya kazi mwaka wa tatu sasa. Upande wa pili wa simu alikuwa Odhiambo, mchumba wake, aliyekuwa Riyadh. Walijuana kwenye foleni ya pasipoti, siku Odhiambo alipomwona amechoka akampa nafasi yake bila kuombwa, kisha yeye akarudi mwisho wa mstari. Desemba alikuwa ameahidi kwenda kwa kina Truphena, Kakamega, kujitambulisha kwa baba yake.

"Kwani wewe inakuuma wapi?" Truphena aliuliza. "Si unabeba masanduku ya shoo tu, kule stoo ya Al-Sulay? Mimi nimesema habari za mchezaji. Sijagusa masanduku ya mtu."

Odhiambo alishusha sauti.

"Wakubwa wa shoo wanasoma hilo grupu lenu. Watu watafukuzwa kazi kwa sababu yako."

"Watu gani?"

"Watu tu. Haya, bosi ananiita."

Akakata.

Shoo yenyewe iliitwa Taa za Kituo. Ilikuwa imezunguka dunia miaka kumi na minane, wachezaji wakibadilishwa na hadithi ikibaki ileile: mbeba mizigo wa kituo cha treni anayecheza kwa viatu vyenye vibati vya chuma chini ya soli, kila hatua inalia. Wiki iliyotangulia Truphena aliiona Riyadh kwa mara ya tatu, akiwa na familia ya mwajiri. Layan, binti wa miaka minane, hakutaka kitu kingine duniani, na madam, mama yake, hakukubali Truphena aketishwe nyuma. "Huyu yuko nami," alimwambia mwonyesha viti. "Anakaa hapa, kati yetu." Truphena hakulisahau neno hilo.

Na kwenye WhatsApp kulikuwa na grupu la Wakenya na Watanzania walioipenda shoo hiyo. Kazi yao ilikuwa moja, kubishana kama wachezaji wa sasa wanafikia kiwango cha wale wa zamani. Ndipo Truphena alipoandika:

"Ile densi ya ngazini, Marek yule mbeba mizigo aliposimamisha mguu wa kushoto hewani, chuma kiliendelea kulia. Tena kibati cha kushoto kina skrubu iliyolegea, kinatetema. Viatu vya Marek ni vipya kabisa. Miguu tunayoisikia si yake. Kuna mtu nyuma."

Wesley, nesi wa Riyadh aliyejisifu kuiona shoo mara tisa, alijibu kabla ya wengine:

"Dada wa kufua, densi umesomea kwenye washing machine?"

"Densi sijasomea, Wesley. Baba yangu ni fundi viatu. Nimekulia chini ya nyundo yake. Chuma kikilegea nakijua."

Zeinab wa Mombasa akaingilia: "Lakini jamani tusemeni kweli. Kundi la zamani walikuwa wakipiga visigino kama mtu mmoja. Hawa wa sasa wanakimbizana na muziki kama wamekosa basi."

"Zeinab, usimchochee," Wesley akaandika. "Truphena, shoo inakuja Jeddah. Skrubu yako isiposikika, uombe radhi mbele ya wote halafu utoke kwenye grupu. Tumeelewana?"

Mitchelle, admin wa grupu, aliyeuza tiketi za shoo hiyohiyo, aliandika: "Jumamosi, saa kumi jioni. Tuje wote tusikilize."

"Nitakuwepo," Truphena aliandika.

Ijumaa Odhiambo alifika Jeddah na malori ya vifaa. Walikutana mtaa wa Kandara, kwenye hoteli ndogo ya Msomali mmoja mpole, ambaye kila mara aliwawekea meza ya pembeni. Odhiambo alimpangusia Truphena kiti vumbi kwa leso yake, akaagiza chai ya maziwa, akasukuma begi lake chini ya meza kwa mguu.

Trrr.

Kikombe cha Truphena kikasimama katikati ya meza na mdomo.

"Sukuma tena."

"Nisukume nini?"

"Hilo begi, Odhi. Sukuma tena."

"Trufe, tunywe chai kwanza."

Aliinama akalivuta mwenyewe. Alifungua zipu. Ndani, vikiwa vimefungwa kwenye fulana nyeusi, kulikuwa na viatu vyeusi vilivyochakaa, na chini yake vibati vya chuma. Alikigusa cha kushoto kwa kidole. Kikatetema.

"Hivi ni vya nani?"

Odhiambo aliangalia mlango kama mtu anayetaka kutokea pale.

"Odhi. Viatu hivi ni vya nani?"

"Vyangu."

"Unavaa wapi? Kwenye stoo ya masanduku?"

"Nyuma ya pazia la mwisho," alisema polepole. "Kuna ubao na maikrofoni. Marek aliumia goti. Anacheza, lakini hawezi kupiga kwa nguvu, basi wamemvalisha viatu vya soli laini na vibati vya kung'aa visivyolia. Mimi namtazama kwenye skrini ndogo, nampigia miguu yake."

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu."

"Miezi mitatu! Kila jioni unaniambia mgongo unauma kwa masanduku, nami nakuombea mgongo!"

"Masanduku nayo nabeba, Trufe. Kwenye ikama yangu, kibali cha ukaazi, nimeandikwa mbeba mizigo. Walinisikia nikichezacheza stoo, wakaniita. Wakaniwekea karatasi nisaini kwamba sitamwambia mtu."

"Na mimi ni mtu tu? Mtu wa njiani?"

"Nilikuwa na aibu!" Sauti yake ilipanda, watu wa meza ya jirani wakageuka. Akaishusha. "Ningekuambia nini? Kwamba watu elfu moja wanasimama kunipigia makofi na hakuna hata mmoja anayenijua? Kwamba mwenye kusifiwa ni mwingine?"

"Ungeniambia hivyohivyo. Ningekusifu mimi."

Odhiambo alisogeza kikombe chake pembeni.

"Nimekutetea bila kujua ninakutetea wewe," Truphena alisema. "Nimeitwa dada wa kufua mbele ya watu arobaini kwa sababu ya hivi viatu. Na wewe ukanipigia simu nifute."

"Kesho nyamaza, Trufe. Useme ulikosea. Msimu ukiisha tunaenda zetu nyumbani, tunaoana, halas, basi."

"Siwezi."

"Nikifukuzwa je?"

"Sijakuambia ufukuzwe. Nasema mimi sidanganyi. Na siolewi na mtu aliyejificha nyuma ya pazia. Desemba usije."

"Kwa sababu ya skrubu?"

"Kwa sababu ya miezi mitatu."

Alikuwa ameshainuka, pochi begani. Lakini jicho lake lilirudi kwenye kile kiatu. Kibati kilikuwa kinaning'inia upande mmoja. Mtu akikikanyagia vibaya kwa kasi angeweza kuanguka na kuvunjika kifundo cha mguu.

Akaketi tena. Msomali, aliyekuwa amesikia yote na kujifanya hajasikia, alikuja na bisibisi kutoka kwenye droo yake, akaiweka mezani, akaenda zake.

"Unafanya nini?" Odhiambo aliuliza.

"Tundu limepanuka. Ukiikaza skrubu tu, italegea kesho." Truphena alivunja kijiti cha meno, akachomeka kipande kwenye tundu la skrubu kama baba yake afanyavyo kwa viatu vya watoto wa shule, kisha akakaza juu yake taratibu mpaka ikashika. Akagonga kibati kwenye ukingo wa meza. Kililia safi.

"Trufe, ukikaza hutakuwa na cha kuwaonyesha. Watakucheka."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Usije ukateleza." Alimrudishia kiatu. "Sijakukazia ili udanganye vizuri. Ukidanganya, ni shauri yako."

Akaondoka, chai ikabaki vilevile.

Jumamosi saa kumi ukumbi ulijaa. Truphena aliketi kati ya madam na Layan. Mstari wa nyuma yake walikuwa Wesley, aliyekuja kwa ndege akiwa na shati jipya, Zeinab, na wengine sita wa grupu. Sehemu ya kwanza chuma kililia safi kama kengele, hakikutetema hata mara moja.

Wakati wa mapumziko Wesley aliinama mbele.

"Mama fundi, skrubu iko wapi? Mimi nasikia muziki mtamu."

"Imekazwa."

"Imekazwa! Na nani, malaika?"

"Na mimi."

Wesley alicheka mpaka akashika mbavu. "Jamani, njoni mumsikie huyu! Ameikaza yeye! Toa simu uombe radhi, dada."

"Sitaomba radhi kwa kusikia," Truphena alisema, bila kugeuka. "Mtu nyuma yupo. Mkinitoa kwenye grupu, mnitoe."

Madam hakujua Kiswahili, lakini kucheka kwa dharau alikujua. Aligeuka akamwangalia Wesley mpaka kicheko kikamwisha.

Taa zikazimika. Ikaja densi ya ngazini, ile ambayo watu hutoka mbali kuiona. Marek alipanda ngazi ya kwanza na koti lake jekundu la mbeba mizigo. Ta-ta, ta-ta-ta. Ya pili. Ya tatu. Akainua mguu wa kushoto.

Sauti ikakatika.

Marek aliushusha mguu, akapiga, na hakuna kilicholia. Akapiga tena. Ilikuwa kama mtu anayetembea juu ya zulia. Wapiga ngoma waliendelea kidogo, nao wakanyamaza mmoja mmoja.

Layan alimvuta mkono. "Sauti imeenda wapi?"

"Subiri, mama," Truphena alimnong'oneza.

Pazia la nyuma likasogea. Akatoka mtu mwenye fulana nyeusi na suruali ya kazini, jasho usoni, taa zimemchoma macho. Alisimama pale kama hajui mikono yake aiweke wapi. Meneja wa jukwaa alikuwa pembeni akimpungia arudi, arudi! Odhiambo alimwona, akatikisa kichwa.

Kisha akapiga mguu wa kushoto. Ta.

Wa kulia. Ta-ta.

Akaanza kupanda. Hakuwa na tabasamu la wachezaji, alicheza amekunja uso kama mtu anayebishana na ngazi, na kila ngazi alimaliza neno lake kabla ya kwenda ya pili. Marek alimwangalia. Mtu mwingine angekasirika. Yeye alivua kofia yake nyekundu, akashuka akichechemea, akamvalisha Odhiambo kichwani, kisha akakaa kwenye ngazi ya chini akimpigia makofi ya kumpa mdundo. Ngoma zikarudi.

Aliyesimama wa kwanza kushangilia alikuwa Wesley.

"Huyo mtu ni nani?" alipiga kelele. "Mnasikia kisigino hicho? Hicho ndicho kiwango cha zamani! Truphena, huyo ni nani?"

Truphena alikuwa analia, na madam alikuwa amemshika mkono.

Shoo ilipokwisha simu yake ilitetemeka.

"Sijui kama nimefukuzwa. Meneja anasema nirudishwe kwa kafili wangu, mdhamini wa kibali changu. Marek yuko ofisini, anawaambia nikiondoka na yeye hapandi tena jukwaani. Niko mlango wa nyuma. Usipotaka kuja nitaelewa."

Alimwonyesha madam, akamfasiria kwa Kiarabu chake cha jikoni.

"Yalla, nenda," madam alisema. "Sisi tunakusubiri garini. Usikimbie, utaanguka."

Odhiambo alikuwa ameketi kwenye ngazi za zege, viatu bado miguuni, kofia nyekundu mkononi. Alipomwona alisimama.

"Haikulegea," alisema.

"Najua. Nimesikia."

"Nilipofika ile ya kuinua mguu nikafikiri, huyu ameikaza akijua watamcheka. Mimi nimejificha, na yeye ameketi kule mbele anachekwa peke yake. Miguu ikakataa, Trufe. Yenyewe."

"Ungeweza kuniambia tangu mwanzo."

"Ningeweza. Nilikosea. Sitakuficha kitu tena, hata kikiwa cha aibu. Wakinirudisha Kisumu, narudi kama mtu aliyeonekana. Lakini sitaki kurudi bila neno lako. Desemba nije au nisije?"

Truphena alimwangalia viatu, akamwangalia uso.

"Uko na njaa?"

"Sijala tangu jana."

Alitoa kwenye pochi sambusa mbili alizofunga asubuhi kwenye karatasi. Zilikuwa mbili tangu mwanzo, moja yake, moja ya Odhiambo.

Mlango ukafunguka, Mitchelle akatoka mbio, kadi ya kazi ikirukaruka shingoni.

"Odhiambo! Wameniambia niandike ubao wa majina ya wachezaji wa kesho. Sehemu ya kwanza Marek, densi ya ngazini wewe. Watu wamekataa kuondoka pale dirisha la tiketi, wanauliza atakuwepo tena lini. Mpaka mwisho wa msimu, wamesema, halafu wataona. Niandike jina lako namna gani?"

Odhiambo alifungua mdomo, na sambusa ikiwa ndani neno halikutoka.

"Andika Odhiambo," Truphena alisema. "Kwa herufi kubwa."

Mitchelle alipoondoka, Odhiambo alimeza, akajifuta mdomo kwa ile leso yake.

"Sasa ile meseji utaifuta?"

"Sifuti."

Alitoa simu. Kwenye grupu Wesley alikuwa ameandika, "Dada Truphena, nimekukosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele yao. Sikio lako lilinishinda." Chini yake, watu ishirini walikuwa wakiuliza swali moja, kwamba yule mtu ni nani. Truphena aliitafuta meseji yake ya zamani, akaijibu mwenyewe:

"Hiyo miguu ina mwenyewe. Ni Odhiambo, mchumba wangu. Desemba anakuja kwetu Kakamega, na baba atamkagulia soli."