Kola ya Dhon Amina

"Na aliyemwona ni nani?"

Swali hilo liliulizwa Jumanne moja baada ya alasiri, kwenye makaburi ya msikiti wetu wa kale wa matumbawe, hapa Malé, mji mkuu wa visiwa vyetu. Mimi ni mtu wa midahalo chuoni, swali zuri nalijua nikilisikia, na lile lilikuwa zuri.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Timu yetu ilikuwa na wageni wanne kutoka chuo kimoja cha Colombo. Asubuhi tuliwashinda, mchana tukawalisha mikate ya roshi na samaki wa nazi ili wasinune.

"Mmetushinda kwa kelele, si kwa hoja," alisema mmoja wao, Dinuka.

"Kula kwanza," nikamwambia. "Aliyeshindwa hajadiliani na tumbo tupu."

Kisha nikawapeleka kwenye ziara ya mji mkongwe. Nilitaka kujisifu kidogo, maana mwongozaji wa ziara ile ni dada yangu mkubwa, Rifga. Sikuwahi kuihudhuria. Kila nilipotaka kwenda alikuwa na sababu: mara jua kali, mara wageni wamejaa. Siku hiyo sikumwambia.

Tulimkuta kwenye lango la bustani palipokuwa na kasri la masultani, anashindana sauti na pikipiki. Aliponiona, tabasamu lilimkauka. Nami nikaona alichovaa.

Alivaa libasi ya Bibi.

Bibi yetu, Havva, alifariki mwaka jana. Wiki mbili kabla ya kufa alituita sisi wawili, akafungua sanduku na kutoa libasi, gauni jeusi la zamani. Shingoni ilikuwa na kola ya kasabu, safu saba za uzi wa dhahabu na fedha, moja ndani ya nyingine. Akatusimulia kisa ambacho hata mama yetu hakijui. Kola ile ilifumwa na mwanamke aliyeitwa Dhon Amina, akampa shoga yake Kambulo siku huyo alipoolewa. Kambulo ndiye bibi yake Bibi. Miaka michache baadaye mume wa Kambulo alimtazama Amina kwa jicho refu kidogo. Basi. Hilo tu. Kambulo akaibeba kola mpaka kwa kadhi, akasema amemwona Amina makaburini akiunuizia uzi ule uchawi. "Nimemwona kwa macho yangu." Amina akahukumiwa kuhamishwa kisiwa cha mbali. Alikufa kabla chombo hakijang'oa nanga.

"Hakumwona," Bibi alituambia. "Alikiri kwa mama yangu akiwa anakata roho. Hii ni aibu yetu. Isitoke humu ndani ila kwa kuusahihisha uongo ule."

Tuliapa, mikono yetu juu ya Msahafu. Mimi na Rifga.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya wageni wangu, kando ya kijiwe kidogo chenye kichwa cha mviringo, kama yalivyo mawe ya makaburi ya wanawake wetu. Hakikuandikwa jina. Rifga alikigusa kwa ncha ya kiatu.

"Hapa amelala Dhon Amina, mchawi aliyeutetemesha mji," alisema. "Alifuma uchawi kwenye kola ya rafiki yake ili amuue. Kola yenyewe ni hii." Akainua kidevu ili wapige picha. "Lakini bibi yetu mkuu, Kambulo, alimwona kwa macho yake, akasimama mbele ya kadhi bila woga."

Wageni wakaguna kwa kupendezwa. Hapo ndipo swali lilipotoka nyuma yetu.

Aliyeuliza alikuwa mwanamke aliyesimama karibu na ukuta, pekupeku, amejitanda kitambaa kilichopauka. Aliuliza kwa lugha yetu, kwa matamshi ya watu wa zamani. Sauti haikuwa na ugomvi. Ilikuwa ya mtu anayeulizia njia.

Rifga alicheka. "Watu wa mtaani, wanapenda kudandia ziara," aliwaambia wageni, kisha akawaongoza kwenye mnara.

Dinuka alinivuta mkono. "Yule bibi anafanya nini na vidole?"

Niligeuka. Mikono ya yule mwanamke ilikuwa mitupu, lakini vidole vilikuwa vinakwenda mbio, kushoto, kulia, kushoto, kama vya mfuma kola. Vijiti vya kufumia, vile vinavyozungushiwa uzi, nilivisikia vikigongana. Vijiti vyenyewe sikuviona.

Jioni nyumbani sikusubiri Rifga avue viatu.

"Uliapa, Dada."

"Niliapa kutoisema siri. Sijaisema. Nimesema kitu kingine kabisa."

"Umesema uongo uleule. Kila ziara unampeleka kwa kadhi upya."

"Inasha, mdogo wangu, hapa si jukwaani, hakuna majaji. Wageni hawataki shahidi wa uongo. Wanataka mchawi."

Akaivua libasi, akanitupia. Niliikunja kwa machozi, nikaihesabu kola kama Bibi alivyokuwa akifanya, kidole safu kwa safu.

Safu zilikuwa nane.

Nilidhani nimekosea. Alhamisi aliivaa tena akaenda kazini. Akarudi, nikahesabu tisa. Safu mpya zilikuwa zinaingia kwa ndani, kuelekea shingoni, uzi unang'aa kama umefumwa asubuhi hiyo. Nilimwonyesha. Akasema nimeshona mwenyewe ili kumtisha.

"Mimi? Hata kifungo kinanishinda."

"Chuki inafundisha," alijibu.

Nikamuuliza kama yule mwanamke wa makaburini bado anakuja.

"Kila ziara. Anauliza lilelile."

"Nawe unamjibu nini?"

"Nampita."

Wiki ya tatu alianza kutafuna polepole, akisema kola inambana. Wiki ya nne alirudi saa kumi, jua bado kali, akasimama mlangoni. Alikuwa anajaribu kuivua libasi. Kola haikupita kichwani.

Nilichukua mkasi. Kitambaa kilikatika vizuri, chote, kikaanguka miguuni pake. Kola ilibaki. Nilitafuta ncha ya uzi ili nifumue. Haikuwa na ncha. Mkasi ulikuwa unateleza juu yake kama juu ya kioo. Ngozi ya shingo ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Halafu tukavisikia vile vijiti. Chini ya kidevu chake. Mle chumbani.

"Inasha," alinong'ona. "Inaongezeka."

Nilimwambia la kufanya, nami nililiamini kwa moyo wangu wote. Aende kaburini, aulizwe, aseme kweli. Hakuna aliyemwona. Kambulo alisema uongo, na yeye Rifga ameurudia. Maneno machache tu.

"Utanishika mkono?"

"Nitakushika."

Nilimvisha gauni lingine, nikamfunga mtandio shingoni, tukaenda kwa miguu. Mitaa ilikuwa imejaa watu wanakunywa chai. Mmoja akamtania, "Rifga, leo umepoteza wageni?" Alishikilia mtandio, tukapita.

Makaburini hakukuwa na mtu. Mchanga mweupe, jua la kuumiza macho. Rifga alipiga magoti mbele ya kijiwe, mkono wake umo ndani ya mkono wangu. Pumzi yake ilikuwa inapiga filimbi.

Tulingoja.

Sikumwona akifika. Nilisikia vijiti kwanza, nyuma yangu, karibu na sikio. Kisha ile sauti ya kuulizia njia.

"Na aliyemwona ni nani?"

"Sema," nilimnong'oneza dada yangu. "Sema, Dada."

Rifga alifungua mdomo. Nikaiona herufi ya kwanza ya ukweli ikijipanga kwenye midomo yake. Kisha macho yake yakageuka. Yakanitazama mimi. Niliyajua macho yale, ni ya utotoni, ya siku alizokuwa amevunja kitu na Bibi anauliza nani.

Akauchomoa mkono wake.

Akaninyooshea kidole.

"Huyu," alisema. "Mdogo wangu. Ndiye aliyenisimulia. Ndiye aliyemwona."

Vijiti vikanyamaza.

Kola ikaachia. Ilianguka mchangani bila sauti, pana kama mwanzo, inapita kichwa chochote. Rifga akavuta pumzi ndefu, akainuka, akapanguza magoti. Alitembea mpaka langoni. Hakukimbia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakukimbia.

Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Yule mwanamke alitaka jina, na jina alipewa.

Niliiokota kola, nikaihesabu palepale. Safu saba. Nimeirudisha kwenye sanduku la Bibi, na sanduku nimelifunga.

Rifga sasa anafanya kazi kwenye kisiwa kimoja cha hoteli, mbali na hapa. Hatujazungumza tangu siku hiyo. Nasikia jioni, wageni wakimaliza kula, huwasimulia kisa cha mchawi wa Malé, na siku hizi kisa kina mtu mpya: mdogo wake, aliyemwona mchawi kwa macho yake.

Najua siku anazosimulia. Vijiti hunigonga sikioni, hata nikiwa darasani, hata nikiwa nimesimama jukwaani na saa ya mdahalo inahesabu. Baadaye mimi huenda chooni kujitazama kwenye kioo. Chini ya sikio la kushoto mstari mwembamba unaanza na kuzunguka shingo yote, unang'aa kama kasabu. Si uzi, maana haushikiki. Daktari aliusugua kwa pamba, akauliza ni wino wa aina gani.

Leo asubuhi mistari ilikuwa imefika minne.

Naomba kitu kimoja. Ukimsimulia mtu kisa hiki, usimwite Dhon Amina mchawi, wala usiseme kwamba mimi nilimwona. Sema hakuna aliyemwona.