Tulivyotafuta Dawa ya Vumbi Mtandaoni

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mwenyewe mapema, kabla hujasikia kwa shemeji yangu. Yeye akisimulia jambo huongeza chumvi mpaka mwenye jambo asilitambue.

Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Ukiingia unakuta makochi yamepinduliwa, miguu juu, kama mende waliopigwa dawa. Mke wangu anakaa pembeni na cherehani yake, anashona vitambaa vya kuvika. Kaka yake, yaani shemeji yangu, anachambua pamba na sponji kuukuu. Tunamwita Redio, kwa sababu hajapata kuzimwa.

Kazi yetu ina vumbi. Ukichana pamba ya kochi la zamani, chumba kizima kinageuka ukungu. Jioni ukipenga kamasi, kitambaa kinakuwa cheusi. Mke wangu alikuwa akikohoa. Alikohoa akiamka, akakohoa akishona. Lakini tuliamini dawa tunayo. Kila jioni tulikunywa maziwa.

"Maziwa yanaosha kifua," Redio alikuwa akisema. "Vumbi linateleza nayo, linakwenda zake."

Hakuna aliyeuliza linakwenda wapi.

Binti yetu anasoma chuo cha afya. Alikuwa mwaka wa mwisho, na kila mwanafunzi alitakiwa kuandika utafiti. Yeye alichagua vumbi la karakana za makochi.

"Baba, naandika juu ya kikohozi cha mama," aliniambia.

Siku hizo alikuwa na mafunzo wodini. Alirudi nyumbani hoi, miguu imevimba. Akakwama kwenye sehemu moja ya kazi yake: fundi ajikinge vipi na vumbi?

"Niachie mimi nitafute mtandaoni," nikamwambia. "Simu hii nilinunua ya nini?"

"Baba, unajua kutafuta?"

"Mwanangu, nimekutafuta wewe kila ulipojificha chini ya makochi ya wateja. Mtandao utanishinda?"

Basi nikakaa, nikaandika hivi: Habari za saa hizi. Samahani kwa usumbufu. Naomba kujua kwa nini maziwa yanaosha vumbi kifuani vizuri.

Mke wangu akachungulia begani kwangu. "Unamsalimia nani humo?"

"Adabu haimpotezei mtu kitu," nikasema.

Majibu yakamiminika kama mvua. La kwanza lilikuwa na picha ya mapafu masafi na glasi ya maziwa. Redio akapiga kofi. "Si nilisema?"

Binti alikuwa anasinzia juu ya kitabu. Akafungua kurasa chache, akaona zote zinakubaliana. Akaandika kwenye kazi yake: "Imethibitishwa kwamba maziwa huondoa vumbi kifuani."

Kazi ile ilirudi. Mwalimu aliyemsimamia alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo. Pembeni aliandika: "Nani amethibitisha? Lini? Alijuaje?" Binti akaambiwa arekebishe, kisha wiki ifuatayo asimame mbele ya jopo la walimu. Akishindwa hapo, anarudia mwaka.

Alikaa kwenye kochi nililokuwa nimelivua sponji. Alikaa juu ya springi tupu na wala hakusikia. Nikaweka nyundo chini, nikamsogelea.

"Kosa ni langu," nikasema.

"Hapana, baba. Wewe ulitafuta tu. Aliyeandika 'imethibitishwa' ni mimi."

Kesho yake alikuja mteja kuangalia kochi lake. Ni jirani yetu, anafanya kazi ya ukutubi katika maktaba ya chuo kile kile. Alipomwona binti macho mekundu, akasahau kochi.

"Kuna msiba?"

"Msiba wa maziwa, mama," binti akajibu. Akamweleza yote.

Mkutubi akaninyooshea mkono. "Fundi, nionyeshe ulivyouliza."

Nikampa simu. Akasoma salamu zangu taratibu. Midomo ilimcheza, lakini hakucheka. Watu wa maktaba wana ustaarabu wao.

"Mteja akikuuliza, 'Fundi, kitambaa hiki hakichuji rangi, eti?' Unamjibu nini?"

"Hakichuji."

"Hata kama kinachuja?"

Nikatazama dari. Mke wangu akaguna pale kwenye cherehani. "Jibu swali, mume wangu. Mgeni anasubiri."

"Biashara, dada," nikasema.

"Basi nawe umeuuliza mtandao vivyo hivyo. Jibu umelitia ndani ya swali. Huu ni mtambo wa kutafutia. Haujui kipi kweli, kipi uongo. Unalinganisha maneno. Umeupa 'maziwa' na 'yanaosha', nao umekukusanyia walioandika maziwa yanaosha."

"Lakini huyu wa kwanza ndiye bora, au siyo? Amewekwa juu ya wenzake."

Akaweka kidole kwenye neno dogo sana juu ya ukurasa. Lilisema: Tangazo. "Huyu amelipia kukaa mbele. Shuka chini uone anauza nini."

Nikashuka. Alikuwa anauza maziwa ya unga.

Redio akanyamaza. Mke wangu alisimamisha cherehani ahakikishe kama kweli kaka yake amezimika.

"Mimi sikufungua huyo peke yake," binti akasema. "Nilifungua na wengine. Wote walisema hivyo hivyo."

"Zisome kurasa hizi mbili kwa pamoja."

Binti akasoma. Maneno yalikuwa yale yale, hata picha ile ile.

"Huyu amenakili kwa yule," mkutubi akasema. "Hao si mashahidi wengi. Ni shahidi mmoja na mwangwi wake. Haya, tuulize upya, na safari hii jibu tusilitie sisi. Andika maneno yenye uzito tu. Salamu za baba yako zipumzike."

Binti akaandika: vumbi pamba mafundi mapafu kinga. Kurasa zikabadilika. Zikaja za madaktari, zikaja za vyuo. Lakini nyingine zilikuwa za kupanda na kuvuna pamba.

"Sisi hatulimi," nikasema.

"Basi waambie. Weka kistari, halafu neno kilimo, bila kuacha nafasi katikati."

Akaweka. Habari za mashamba zikaondoka. Nilishangaa. Laiti ningekuwa na kistari cha kumwekea shemeji.

Mkutubi akaendelea. Alisema ukitaka maneno yakae pamoja kwa mpangilio wake, yafunge kwa alama za kunukuu. Binti akafunga "vumbi la pamba", na majibu yakapungua, yakawa ya vumbi la pamba kweli. Alisema pia kwamba kitu kimoja kina majina mengi. Sisi tunasema vumbi la karakana, wataalamu wanaweza kusema afya kazini. Jina moja likikunyima, jaribu lingine. Jaribu na Kiingereza, maana tafiti nyingi zimeandikwa kwa lugha hiyo.

"Na ipo mitambo inayotafuta maandishi ya kitaalamu peke yake," akamwambia binti. "Njoo maktaba nikuonyeshe. Huko huwezi kukutana na muuza maziwa. Lakini hata huko, usimeze kila kitu."

"Nitajuaje cha kumeza?"

Mkutubi akanigeukia. "Fundi, ukiletewa kochi, unapanga bei kwa kutazama kitambaa chake?"

"Sithubutu. Watu wanavika nguo mpya juu ya mbao zilizooza. Nalipindua kwanza. Nachana kitambaa cha chini, natazama mbao, nabonyeza springi."

"Umesikia?" akamwambia binti. "Ukurasa nao upindue. Nani ameandika, na jambo hilo ni kazi yake? Aliandika lini? Alijuaje? Alipima watu, au alisikia kwa jirani? Na mwishoni ametaja alikozitoa habari zake?"

Binti akainua kichwa. "Ndiyo maswali ya mwalimu wangu."

"Mwalimu wako alipindua kochi lako. Akakuta halina mbao."

Tukacheka sote. Binti naye akacheka, na mimi nikapumua.

Wiki hiyo kila alipotoka wodini alipitia maktaba. Alitafuta yanayosema maziwa yanasaidia. Akatafuta pia yanayosema hayasaidii. Kila alichosoma alikiandikia papo hapo jina la mwandishi, mwaka na mahali alipokipata. "Nisipoandika sasa, kesho sitakiona tena," alisema. Pale alipopata utafiti mzuri, alikwenda mwisho kabisa kwenye orodha ya vyanzo. Huko akakuta tafiti nyingine.

Kitu kimoja alichosoma kilimfanya aje mbio nyumbani.

"Mama, vaa viatu. Kikohozi cha muda mrefu hakikai nyumbani. Kinapimwa hospitali."

"Nina vitambaa vya watu hapa."

"Wenye vitambaa watasubiri. Mapafu hayana fundi wa kuyavika upya."

Wakaenda. Daktari alimpima mama, akampa dawa, akamwambia vumbi lile limemchosha kifua. Aache kulivuta.

Siku ya jopo nilimsindikiza binti mpaka mlangoni. Baadaye alinisimulia. Mwalimu wa kalamu nyekundu aliuliza mwanzo kabisa: "Na yale maziwa?"

"Nilikosea, mwalimu," binti akajibu. "Nilinakili kwa watu walionakili. Sasa nimetafuta pande zote mbili. Sikupata utafiti hata mmoja uliowapima mafundi na kuona maziwa yanakinga mapafu. Nimeeleza maneno niliyotumia kutafuta, ili mwingine akitaka arudie."

Mwalimu akafungua kurasa. Akaweka kidole kwenye chanzo kimoja, akauliza nani, lini, na alijuaje. Binti akajibu yote matatu. Akaweka kidole kwingine. Binti akajibu.

Akafaulu.

Karakana yetu sasa ni nyingine. Pamba tunaichambua nje, upande upepo unakokwenda, na tumevaa barakoa zinazobana vizuri puani. Dirisha lililokuwa limezibwa na marobota liko wazi. Hatufagii tena sakafu kavu, tunapangusa kwa tambara bichi. Mke wangu anashona jora zima la kitambaa bila kukohoa. Maziwa bado tunakunywa, kwa sababu ni matamu.

Ila Redio hakukubali kushindwa. Juzi aliingia ameshika simu juu kama mwenye hati ya kiwanja.

"Someni hapa. Ujumbe huu umesambaa kila mahali. Watu elfu na elfu wanasema wamekunywa maziwa, na maziwa yakafika kwenye mapafu, yakasukuma vumbi lote. Chuo chenu kina walimu wangapi? Hawa ni elfu na elfu. Dada, nijibu wewe. Wote hawa hawajui walichokunywa?"

Mke wangu alimaliza mshono kwanza. Akakata uzi kwa meno.

"Kaka," akasema, "maziwa yakifika kwenye mapafu, hapo hujanywa. Umepaliwa."