Spika ya Nyuma Kushoto

Jumamosi hiyo Severi alishuka kwenye basi karibu na mji wa Iisalmi, Finland, jua likiwa limeshakata tamaa. Ilikuwa alasiri bado, lakini Novemba haijali saa za watu. Theluji ya majimaji ilimpiga usoni, akaiacha impige. Mgongoni alibeba kompyuta yake na maikrofoni ya kupimia sauti. Kichwani alibeba digrii ya akustika, ambayo mpaka leo ilikuwa haijamfikisha popote ila kwenye viti vya ofisi ya ajira.

Miaka yote ile alisomea namna sauti inavyogonga ukuta na kurudi. Alipomaliza akaanza kuwagonga waajiri, na hata mwangwi haukurudi. Kuna kampuni moja ya Helsinki alikuwa bado anaisubiri. Alishaacha kuifungulia simu kila dakika. Hasira zilikuwepo, ila zilikuwa zimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Aliyemwita ni shangazi yake Tuire, dada wa baba yake. Alimpokea jikoni kwa kahawa na mkate mweusi, akizungumza kwa kunong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Bado huna kazi?"

"Ninayo, shangazi. Natafuta kazi."

"Basi leo umepata. Bosi ni mimi, na mimi ni mkali. Kunywa kahawa, unanuka basi."

Kisha akamweleza. Mumewe Rauno alikuwa chini, kwenye chumba chake cha sinema, na hakuwa ametoka humo tangu majani yaanze kupukutika. Analishwa, anavishwa, anaongozwa choo cha huko huko chini na kurudi, hatamki kitu. Ukimvuta apande juu anang'ang'ania mikono ya kiti kama mtoto. Madaktari walikuja wakapima moyo, wakapima damu, wakasema ni huzuni ya vuli, wakaacha vidonge. Jumatatu ndiyo wangekuja kumchukua, wampeleke kwenye nyumba ya wasiojiweza.

"Wakishamtia kule hatoki," alisema Tuire. "Namjua Rauno. Na tangu akae hivyo, ile sinema yake inasema mbele tu. Nyuma kimya. Aliipenda kuliko mimi, mwenzio nasema kweli. Ikirudi kusema, pengine na yeye atasema."

Severi aliyasikia hayo kama mtu anayesikiliza hali ya hewa ya nchi nyingine. Kosa la spika aliliona mara moja kichwani. Kosa la anko Rauno halikumhusu.

Walishuka.

Chumba hicho zamani kilikuwa sauna, chumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto. Nyumba ilikuwa ya marehemu Bibi Hilja, mama yake Tuire, na Bibi Hilja alimzaa Tuire humo, juu ya mbao zilizosuguliwa kwa maji ya moto. Mama yake Bibi Hilja alioshewa humo alipokufa. Watoto wote wa ukoo walifundishwa mapema: sauna unaiingia kama kanisa. Hutukani. Hupigi kelele. Hupigi mluzi. Na atakayetoka wa mwisho anaacha maji ya moto ndooni, anayamwagia mawe ya jiko mara moja, anashukuru kwa mvuke, anafunga mlango taratibu. Zamu inayofuata ni ya mwenyewe.

Mwenyewe nani? Hilo halikuulizwa.

Rauno alipostaafu akang'oa jiko na mbao za kukalia. Mawe yake akayatupa kando ya njia ya gari. Akafunika kuta kwa kitambaa cheusi, akaweka skrini kubwa, kompyuta, amplifaya na spika tano pamoja na lile sanduku la besi. Ile kona lilipokaa jiko tangu enzi, akatundika spika ya nyuma kushoto. Filamu ya kwanza aliyoionyesha humo ilikuwa ya vita. Mizinga, matusi, watu wakilia kwa sauti ya kutikisa sakafu. Wageni walipiga makofi. Tuire alipanda juu kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Sasa Rauno alikuwa amekaa kiti cha katikati, anaitazama skrini tupu. Shingo ngumu. Macho wazi. Jasho linamtiririka.

Chumba kilikuwa na joto. Severi akatafuta hita kwa macho. Hakuiona.

"Habari za siku nyingi, anko."

Severi akaanza kazi. Akafungua mipangilio ya sauti, na kweli, kompyuta ya Rauno iliamini ina spika mbili tu. Orodha haikumpa hata nafasi ya kuchagua tano. Akapiga magoti nyuma ya kabati, akacheka kidogo kwa pua. Waya wa picha na sauti ulikuwa umetolewa kwenye amplifaya ukachomekwa moja kwa moja kwenye skrini, na skrini ndiyo iliyokuwa ikiipelekea amplifaya sauti ya spika mbili basi. Kompyuta inaamini kile inachoambiwa na kitu kilichochomekwa kwake. Skrini ilikuwa imeiambia: mimi nina midomo miwili.

"Nani amechezea huu waya, shangazi?"

Tuire hakujua. Chumba hiki hakiguswi na mtu ila Rauno.

Severi akaurudisha waya kwenye amplifaya, na waya wa pili akauchomeka kwenye skrini kwa ajili ya picha. Spika tano zikatokea kwenye orodha. Lakini kishale cha kipanya kikateleza upande wa kushoto, kikavuka ukingo wa skrini, kikapotea.

"Perkele," alitukana Severi.

Tuire alimshika mkono. "Humu hapana."

Severi akamwomba radhi, akamweleza. Si kitu cha ajabu. Kompyuta imeihesabu amplifaya kama skrini nyingine. Inadhani pale kushoto kuna skrini ya pili ambayo haipo, na kishale kimeingia huko.

Tuire aliutazama ule upande kwa muda.

"Na hiyo ya pili," alinong'ona, "inaangaliwa na nani?"

Severi akashika kipanya. Akakivuta kishale kikarudi. Kilirudi polepole, kama kitu kinachoachiliwa.

Akaweka maikrofoni yake kwenye kigoda karibu na kiti cha Rauno, akaiunganisha na kompyuta yake mwenyewe, akaanzisha jaribio. Jaribio lenyewe ni rahisi: kila spika kwa zamu yake inatoa mchakacho, fyuuu, kisha inanyamaza.

Mbele kushoto. Fyuuu.

Kati. Fyuuu.

Mbele kulia. Fyuuu.

Nyuma kulia. Fyuuu.

Nyuma kushoto...

Kimya.

Halafu, sssshhhhaaa.

Haukuwa mchakacho ule wa wenzake. Ulikuwa mzito, wenye majimaji, ukipanda na kupanuka. Mtu yeyote aliyelelewa huko anaijua sauti hiyo kabla hajajua jina lake mwenyewe. Ni kata ya maji juu ya mawe ya moto. Löyly, mvuke wa sauna. Joto likamlamba Severi kisogoni. Harufu ikafuata, ya moshi wa zamani na majani mabichi yaliyolowekwa.

Jaribio likaisha. Skrini ikasema limeisha.

Sssshhhhaaa.

Severi alienda kwenye ile kona. Si kwamba alikuwa jasiri. Alikuwa na swali la kiufundi, na swali la kiufundi ndilo kitu pekee kilichobaki hai ndani yake. Akapapasa nyuma ya spika, akaufuata waya kwa vidole.

Waya ulikuwa umekatwa.

Umekatwa safi kwa koleo, ncha zake zimefungwa utepe mweusi kwa uangalifu, kama kidole cha mtoto. Spika ile haikuwa imeunganishwa na kitu chochote duniani.

"Nilikata mwenyewe," alisema Rauno.

Sauti yake ilikuwa kavu kama karatasi. Hakugeuza shingo.

"Nikahamisha na ule mwingine. Nilitaka isiseme..." Akameza mate. "Tuire. Yuko nyuma yangu."

Hapo ndipo Severi alipoelewa. Alichokuja kukitengeneza hakikuwa kimeharibika. Kilikuwa kimefungwa. Na yeye, na digrii yake, amekuja kukifungua.

Tuire hakupiga kelele. Alipanda juu kwa haraka ya mtu aliyeacha maziwa jikoni, akarudi na ndoo ya mbao ya mama yake, kata ndani yake, maji yakitoa mvuke. Mfukoni mwa aproni alikuwa na jiwe moja aliloliokota kando ya njia ya gari, bado lina theluji. Akaliweka chini, kona ile. Akalimwagia kata moja. Jiwe lilikuwa baridi, lakini lilichemka.

"Ahsante kwa mvuke," alisema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia Bibi Hilja. "Sisi tumemaliza. Zamu ni yako. Hatukusikilizi, hatukuangalii."

Kisha akamwambia Severi amshike Rauno mkono wa pili. Rauno akasimama. Mzito, amelowa jasho, lakini akasimama. Mlango ulikuwa mbele, pembeni ya skrini, wakatoka bila kutazama nyuma.

Mlangoni Severi alisema amesahau koti.

Hakusahau koti. Fikiria mwenyewe: spika iliyokatwa waya inatoa sauti. Maprofesa waliomsifu kisha wakasahau jina lake, waajiri ambao hawakumjibu hata kwa mstari mmoja... Kitu kama kile kingewafungua midomo. Aliinama juu ya kompyuta yake, macho chini, akabonyeza kurekodi. Taa nyekundu ndogo ikawaka. Akachukua koti.

Juu, Rauno alikunywa kahawa kwa mikono miwili. Aliangalia dirisha, na Tuire akamwangalia yeye, na hakuna aliyetaja cha chini. Baadaye Tuire akasema sasa inatosha, anaweza kwenda kuchukua vitu vyake. Severi akashuka. Ndoo ilikuwa kavu kabisa. Kiti cha katikati kilikuwa kimelowa. Akafungasha akawahi basi.

Alikuwa anaishi Kuopio, chumba kimoja, meza ikitazama dirisha. Hakuvua hata viatu. Akavaa vipokea sauti, akafungua rekodi.

Mwanzo, hatua zao wakiondoka. Mlango. Kisha kimya cha chumba kilichofunikwa kitambaa.

Kisha sssshhhhaaa.

Kata ikagonga ndoo, ko. Mtu akashusha pumzi ndefu, ile ya mzee anayekaa baada ya wiki ya kazi. Mbao zikalia kwa uzito. Mle ndani hapakuwa tena na mbao.

Severi alisikiliza bila kutetemeka, akawa karibu kujipongeza. Mpaka kitu kidogo kikamgusa akili.

Maikrofoni ilikuwa moja. Rekodi ya maikrofoni moja haina kushoto wala kulia, haina mbele wala nyuma. Inakaa katikati ya kichwa, basi. Hilo linafundishwa wiki ya kwanza.

Hii ilikuwa inatoka nyuma. Kushoto.

Akavua vipokea sauti, akavilaza mezani.

Sssshhhhaaa.

Dirisha mbele yake likaanza kufunikwa ukungu.

Simu ikaita. Alikuwa Tuire, anacheka na kulia kwa pamoja. Rauno amekula, amekula tena, ameitukana theluji, amesema wakija hao wa Jumatatu atawafukuza na koleo la theluji. Amerudi, mwanangu. Mungu akubariki. Ngoja, anataka kuongea na wewe.

Kukawa na sauti ya mlango kufungwa, kisha ule mnong'ono mkavu.

"Severi. Mle ulizima kila kitu?"

Severi alivitazama vipokea sauti mezani.

"Mimi nilikaa gizani siku moja nisikilize zamu yake," alisema Rauno. "Nilidhani ni hitilafu. Nilitaka kujua tu." Akapumua. "Ulizima?"

"Hapana, anko."

Rauno akashusha sauti zaidi.

"Basi nisikilize. Hana neno na mtu. Ukae tu. Usigeuke."

Akakata.

Severi alikaa. Joto halikuwa baya. Kusema kweli, tangu amalize chuo hakuna aliyewahi kukaa naye muda mrefu hivyo. Alijaribu kuogopa, akatafuta ule woga ndani yake kama mtu anayetafuta funguo, hakuupata.

Ukungu wa dirishani ukashuka kwa michirizi. Kompyuta ikalia: barua pepe. Kampuni ya Helsinki. Walikuwa wanasikitika kwa kuchelewa. Walivutiwa sana na sifa zake. Wangependa kumwona kwa mahojiano, Jumatatu asubuhi, na nafasi kwa hakika ilikuwa yake endapo tu angefika.

Aliisoma mara mbili. Akaandika kwamba atafika. Akakitazama kishale kikiwa kimesimama mwishoni mwa sentensi, kisha kikaanza kuondoka chenyewe, polepole, kuelekea kushoto, kikavuka ukingo.

Koti lilikuwa mwilini. Viatu vilikuwa miguuni. Treni zilikuwepo.

Chumba chake kina mlango mmoja tu. Uko nyuma yake.

Upande wa kushoto.