Kiti cha Baba

Rafiki yangu Shigela wa Ngulyati, kijiji cha wakulima wa pamba mbali na bahari, alinunua pikapu mwaka ule pamba ilipoachiwa wanunuzi binafsi. Safari ikapangwa: yeye na mdogo wake Magese washike barabara ya pwani, Tanga hadi Pangani, wakachukue udongo wa kaburi la baba yao aliyefia kwenye mashamba ya mkonge. Magese akaiahirisha tena.

"Kaka, tungoje mavuno."

"Ngoja wewe! Kiti cha mbele nimemwekea baba. Wewe utakaa nyuma na madumu ya petroli!"

Giza lilikuwa limeingia. Nje wakasikia ndimi zikikwaruza. Ng'ombe wao walikuwa wameingiza vichwa kwenye dirisha la pikapu, wanalamba kiti cha mbele kama wanavyolamba magadi. Shigela akakigusa, akaonja kidole. Maji ya chumvi, kama ya bahari ya Pangani. Kiti kilikuwa chepechepe, na mkanda wake umefungwa, kama umemshika mtu.